Namba Nazo Zina Ukoo

Mbulu Mjini

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hapo kijijini Daudi mnaendelea vizuri, na goti la Mama limepunguza usumbufu. Sisi huku ni wazima, ila baridi ya mwaka huu haina huruma.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu ni nini hasa, nikacheka tu. Leo najibu. Mimi na mwenzangu wa kazi, Renatus, tunatengeneza lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Humo kila kitu kina klasi, yaani ukoo wake: ukijua ukoo, unajua utakiuliza nini na kitakujibu nini. Namba peke yake tuliziacha nje, kwa kuwa ni nyepesi na zinakwenda haraka. Zikitaka kuingia palipo na vitu vingine, tulikuwa tunazivisha koti kwanza, yaani tunazifunga ndani ya kitu chenye klasi. Juzi tukalinganisha namba mbili zilizo sawa kabisa, kompyuta ikasema hazifanani. Kumbe ilitazama makoti, si namba zilizo ndani. Renatus akataka kuongeza sheria nyingine ya pembeni kwa ajili ya namba tu. Nilikasirika, unanijua.

Nikamwambia, "Nyumba moja isiwe na sheria mbili."

Sasa namba nazo zina klasi, na kwa ndani zimebaki nyepesi vilevile. Hazikulazimika kugeuka kitu kingine ili zipokelewe.

Baba, maneno yale yalinirudia mwenyewe. Nilimfikiria Irene, mtoto ninayekaa naye tangu maporomoko ya Jorodom yawachukue wazazi wake. Pasaka uliwapa wajukuu kondoo, kila mmoja wa kwake. Irene ukampa sweta nzuri, kama mgeni. Alishukuru vizuri, lakini njia nzima ya kurudi sweta ilikaa mapajani, hakuivaa. Iliniuma sana. Ulinieleza kuwa ni mtoto wa Gidamis, na si haki kumfuta marehemu. Nakuheshimu kwa hilo. Ataendelea kuitwa Irene Gidamis, na kaburini kwa wazazi wake nitampeleka mwenyewe.

Nilikuambia nakaa naye mpaka ndugu zake wapatikane. Shangazi yake alishapatikana. Alikuja hapa, Irene akaomba kubaki, shangazi akaridhia, na watu wa ustawi wa jamii wamekubali. Ni mwanangu sasa. Nilichelewa kukuambia kwa kuogopa jibu lako.

Mpe Mama salamu zangu nyingi. Krismasi tunakuja wote wawili. Irene hajui kuwa nimekuandikia haya. Alinikataza nisikuombe kitu, akasema babu akitaka awe mjukuu wake, atataka mwenyewe. Mimi nimeshindwa kunyamaza.

Binti yako,
Violeth