Kumbe umeme nao hurudi

Ijumaa. Jua kali hapa Kahama, upepo unatupiga vumbi, na moyo wangu haujatulia tangu juzi.

Kesho binti yangu Minza anapeleka maharusi Masumbwe na kurudi usiku kwa lile gari letu la zamani, jeupe, la taa za mviringo. Watu wanalipenda kwa harusi. Mimi nalipenda mchana tu. Wiki iliyopita alirudi nalo usiku, taa hafifu, akaniambia, "Mama, nilidhani kichaka, kumbe ng'ombe!" Yeye anacheka.

Mimi sikucheka.

Nikaenda dukani kimyakimya, nikanunua balbu kali kuliko zote. Zilipofungwa, taa zikabaki vilevile, rangi ya chai iliyozidi maji, na swichi ikaanza kunuka plastiki inayoungua.

Basi leo mimi na Minza tumelipeleka kwa Masanja, fundi umeme. Alipoona balbu zangu akatikisa kichwa. "Mama Minza, hukuzilisha hizi taa. Umeongeza midomo, chungu ni kilekile."

Hapo nikaelewa, maana chungu nakijua. Umeme wote ulikuwa unapita kwenye waya mwembamba, mrefu, mpaka kwenye swichi ya usukani, ndipo urudi mbele kwenye taa. Unafika umechoka. Akarudisha balbu za kawaida, akavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, akafunga kidude cheusi kinaitwa rilei. Sasa swichi inatoa amri tu, kazi anafanya rilei.

Nikacheka peke yangu. Rilei ndiyo mimi! Baba Minza anasema "wageni wapikiwe", anayewasha moto ni nani?

Ukiwasha taa, kile kidude kinalia ta! Nikawasha, nikazima, nikawasha, mpaka Minza akaona aibu. "Mama, utakimaliza."

Lakini kilichonishika hasa ni waya mweusi. Masanja alikwangua kutu kwenye bodi kwa msasa, akaufunga pale. Akasema huo ni wa ethi, njia ya kurudia. Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri. Njia ya kurudi ikiwa na kutu, taa inafifia hata kama balbu ni nzima.

Miaka yote hii najua umeme unakwenda. Sikujua kama unarudi.

Nikamwuliza, "Unarudi wote?" Akasema, "Wote, mama." Nikamwuliza tena. Minza akaacha kucheka, akanishika bega.

Tukaliingiza gari kwenye kibanda cha Masanja, likaelekea ukuta, mlango ukafungwa kuwe giza, Minza akawasha. Niliona sisimizi wanapanda ukutani, mmoja mmoja, na mayai waliyobeba! Masanja akazishusha taa kidogo zisiwapofushe wanaokuja.

Nilikuwa nimepanga kumwambia Minza asiende, maharusi watafute gari jingine. Neno lilikuwa mdomoni tangu Jumatano. Limebaki humohumo. Nikamshukuru Masanja kwa Kisukuma, wabeja sana, tukarudi nyumbani.

Bado naogopa, sitadanganya. Ng'ombe watakuwepo barabarani, na taa haziwafundishi adabu. Lakini aende mwanangu. Njia ya kurudi nimeiona kwa macho yangu: nyeusi, nene kama kidole changu cha mwisho, imekazwa kwa boliti. Nimeivuta mwenyewe kwa mkono.

Hailegei.