Gari la Baba Kwenye Mlima wa Mbooni

Kwako ndugu yangu Musyimi,

Huku Mbooni ni baridi, maharagwe yamechanua, na ng'ombe wa jirani yetu Nzau amezaa. Habari nzuri zimeishia hapo.

Gari la baba, kabla halijawa lako, lilikuwa likipanda mlima huu na watu watano na magunia, bila kulalamika. Wewe ukatoa ile supachaja, pampu ya kuisukumia injini hewa, iliyovuta kuanzia mwendo wa chini, ukafunga hii ambayo nguvu yake inakuja injini ikishapiga kelele, ndio uwapite marafiki zako pale Malili kwenye tambarare. Kwa kona zetu, nani atafikisha huo mwendo?

Jumapili mama alibanwa na kifua. Nikimpeleka zahanati huko juu, gari likakosa nguvu kwenye kona ya pili, likaanza kurudi nyuma. Watu wa kanisa wakaja kusukuma. Mama akashuka, akapanda kwa miguu na kifua hicho, kwa sababu hakutaka wamwone akisukumwa ndani ya gari la mwanawe.

Amelazwa. Ijumaa lete ile supachaja ya zamani, uifunge mwenyewe.

Na usimpigie mama simu kumwomba msamaha, hata hajui umekosa. Kila mgeni akifika kitandani, anamwambia hakuna gari Makueni linaloweza kulipita la Musyimi.

Mimi dada yako,
Kathini