Chembe ya Shaba

Jumatatu, 10 Novemba
Alasiri nimechonga tena. Senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati, nimeibana kwenye jiliwa, kibanio cha chuma, mezani. Wiki ya tatu ya kujifunza, na shingo ya twiga ninayemchonga juu yake bado inaonekana kama kamba. Patasi yangu ni msumari wa zege alioninolea fundi mmoja wa hapa Garissa. Ukiuinamisha sana unazama, ukiuinua unateleza. Leo umeteleza. Chembe ya shaba imeruka ikaingia jicho la kulia. Miwani ya kujikinga ninayo. Sikuivaa. Uvivu tu.

Jumanne, 11 Novemba
Jicho jekundu. Nimeliosha, bado linakwaruza. Daktari Bishar, mkubwa wetu wa kliniki, ameuliza. Nikasema vumbi. Aibu. Mpima damu mwenye miaka sita kazini, kuumizwa na mchezo wa sarafu.

Alhamisi, 13 Novemba
Wagonjwa wengi tangu mvua ianze. Vipimo vya haraka vya malaria vimeisha, damu yote inapita kwenye hadubini. Nimesoma kwa jicho la kushoto, ambalo sijazoea kusomea. Machozi. Kichwa kinagonga. Nimeandika "hakuna malaria" mara nyingi kuliko kawaida. Nimeliona hilo, na nikaendelea.

Ijumaa, 14 Novemba
Sijagusa patasi. Namfikiria mtoto mmoja wa jana, Sahra, miaka minne, alivyolala begani kwa mamake. Homa kali namna ile, na mimi nikaandika hakuna.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimefika kazini kabla ya wote. Nimetoa slaidi za Alhamisi, nikazisoma upya, polepole, nikipumzisha jicho kila mara. Nyingine ziko sawa. Ya Sahra ina vimelea. Si vingi, lakini vipo.

Nimemwambia Daktari Bishar kila kitu, hata twiga. Hakufoka. Alipiga simu ya mamake Sahra, imezimwa. Tukaenda mtaa wa Galbet kwa miguu, tukiuliza nyumba hadi nyumba.

Tulimkuta mama mlangoni, mtoto mgongoni, anatafuta tuktuk. Sahra alikuwa akitetemeka tangu alfajiri.

"Daktari, wewe nasema hakuna kitu." Hapa kila mtu wa kliniki ni daktari.

"Nilikosea, mama. Malaria ipo. Kosa ni langu."

Akaniangalia jicho.

"Jicho yako mbaya hivi. Kwa nini unapima watu?"

Nikakimbia barabarani kusimamisha tuktuk. Tukapanda pamoja hadi hospitali. Njia nzima nilishika mguu wa Sahra. Ulikuwa moto kama sufuria.

Jumatatu, 17 Novemba
Homa ya Sahra imeshuka. Amekunywa uji. Nimelia chooni.

Tabibu wa macho ameitoa chembe. Ndogo kuliko punje ya mtama. Daktari Bishar ameniondoa kwenye hadubini hadi jicho lipone. Ni haki yake. Naandikisha wagonjwa mlangoni.

Jumapili, 30 Novemba
Naona vizuri. Sarafu bado iko kwenye jiliwa. Labda Desemba nitachonga tena.

Leo nimekwenda Galbet. Mamake Sahra alikuwa anafua. Amenipa kiti na chai ya maziwa ya ngamia. Hakusema amenisamehe, na sikuuliza. Sahra alilala mkekani, mdomo wazi, inzi akimtembelea shavuni. Mamake alinipa upepeo. Nimempepea mtoto hadi nguo zote zikaanikwa.