Vichwa vya Ndagala

Kasongo, Ijumaa

Mama mkwe atanizika mimi, si mimi yeye. Leo nimeamini.

Baba amenitumia gunia la ndagala kutoka Albertville, kwa lori ya pamba iliyopitia Kabambare. Samaki wa ziwa letu, wadogo kama kidole, wakavu, wananukia nyumbani mpaka nikataka kulia. Tangu harusi watu wa hapa wananiuliza kama kwetu tunakula chambo. Nikasema leo wataonja, watanyamaza.

Nikaenda kusonga ugali. Kurudi, namkuta mama mkwe anawakata ndagala vichwa, mmoja mmoja.

"Kichwa cha samaki ni cha mwenye nyumba," akasema. "Kwetu iko vile."

"Mama, hawa ni ndagala. Wanaliwa wazima."

"Wako na vichwa ao hawana?"

Wanavyo.

Basi yeye na mawifi wakala miili. Mume wangu, karani mzima wa serikali, akawekewa sahani ya vichwa vitupu, vyote vinamkodolea macho. Heshima kubwa, chungu kama kwinini. Akavitafuna vyote, mama yake akimtazama. Nikauma upindo wa kikwembe nilichojifunga nisicheke, huku naogopa atanirudisha kwetu pamoja na gunia langu.

Alipokwisha kunawa akaniita pembeni.

"Huko ziwani kwenu hakuna samaki mukubwa?"

"Iko sangala. Mumoja tu analisha nyumba nzima."

"Andikia baba yako," akasema, akichokonoa jicho la ndagala kwenye meno. "Atume samaki wa kichwa kimoja."