Simbi ni Nyumba ya Nani?

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu asubuhi hapa Songo, na ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kichwa changu nacho kimevurugika vivyo hivyo.

Kesho binti yangu anabatizwa na bado hatujaelewana jina. Kwa sasa sote tunamwita Mama, kama watoto wa kike wanavyobembelezwa huku.

Mimi nalijua jina lake. Simbi. Lilikuwa la marehemu mama yangu, mtu wa Rurambo, kule juu milimani kwenye ng'ombe. Kwao simbi ni ule weupe wa kung'aa ambao msichana husifiwa nao. Alikuwa pia na simbi halisi, ganda dogo la konokono wa bahari, akalivaa shingoni mpaka alipofariki. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Sasa nalivaa mimi.

Mama mkwe wangu alikulia ufukweni, maganda ya konokono wa ziwa ameyakanyaga tangu utotoni. Leo nikinyonyesha aliliona langu, akanikazia macho.

“Hii ni nyumba ya kitu yenye ilikufa,” akasema. “Weye unataka kumupa mutoto jina ya nyumba tupu? Minye nilizika wangu wa kwanza. Siwezi.”

Sikujua.

Miaka yote hii hakuna aliyeniambia, hata mume wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, si kwa hili. Nilimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja, na hata sasa sijui kipi kimezidi.

Nikamweleza nilichosoma kwenye simu: konokono huyu akiwa hai hutoa mwili wake nje, akalifunika ganda lote, na ndiyo maana linang'aa hivyo. Mng'ao ameuacha yeye.

Akaligusa kwa kidole. “Na huyu wetu, nani atamufunika?”

Hakungoja jibu. Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwa kikwembe chake mwenyewe, akatoka barazani akiimba.

Nilitega sikio nione kama atalitaja jina. Alikuwa akirudia tu, “Lala, Mama, lala.”

Lakini mama ni Simbi. Kwangu mimi hakuna mama mwingine. Sasa amekubali, au hajakubali?

Kesho padri ataniuliza jina, na mimi bado namsikiliza mama mkwe.