Nimekata Kusudi

Shoga yangu Atuganile,

Mara tatu nimeanza kukuuliza hali, kama barua zote zinavyoanza, na mara tatu mkono umekataa. Nikuulize hali ya wapi? Basi naanza na yangu. Mimi mzima, binti yangu Mwanahawa mzima, Mbeya baridi imekaza hata maziwa hayachachi, na mume wangu ameondoka leo asubuhi kwenda Iringa bila mimi. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Usiyacheke maandishi yangu. Mimi nilijua herufi za chuo cha Kurani tu, za kutoka kulia kwenda kushoto. Hizi nyingine ulinifundisha wewe, kwa kuniandikisha vipimo vya wateja: kifua, kiuno, bega. Mpaka leo hayo ndiyo maneno matatu ninayoyaandika bila kusita.

Nina maswali, shoga. Unanijua nilivyo mdadisi. Mama yangu alikuwa akisema kwamba hata siku ya kufa kwangu nitamwuliza mwosha maiti maji kayachota wapi. Kubwa ninalotaka kukuuliza ni hili: wewe ulijuaje unachokitaka? Ulizaliwa nacho, au ulikitafuta? Kwa sababu mimi nimefika umri huu nikiwa na mume, mtoto na kibanda cha vitumbua, na hakuna hata kimoja ambacho naweza kuapa kwamba nilikichagua.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuletea kitambaa pale sokoni, nikakuambia mikono iwe mirefu mpaka kwenye kifundo. Mimi mke wa Salehe dereva, binti wa mtu aliyetoka Kilwa, gauni langu lina heshima zake bwana! Narudi siku ya nne, nakuta mikono imeishia kwenye kiwiko. Nikakuuliza hii nini. Ukanitazama kwa uso mkunjufu kabisa, ukasema, "Nimekata mikono kusudi, dada Suhula."

La haula! Kwetu, mtu akisema amefanya kusudi, amekutangazia vita. Mtoto akivunja kikombe kwa bahati mbaya husamehewa. Akivunja kusudi huchapwa. Na wewe unaniambia kusudi, tena unatabasamu, tena jina langu, Zuhura, umelitia maji! Nilikutukana mpaka wauza ndizi wakaacha kuita wateja. Nilisema nyinyi watu wa Rungwe mmeshuka kutoka mlimani kuja kuharibu vitambaa vya watu. Neno lile ninalijutia hata leo, na sikumbuki kama niliwahi kukuomba radhi sawasawa. Naomba sasa.

Wewe hukujibu tusi. Ulinishika mkono, ukaufunua, ukaonyesha pale nilipoungua. "Unakaanga vitumbua," ulisema. "Mkono wa gauni unaingia mafutani. Umeungua mara mbili hapa. Ukitoka, si unajifunika kanga?"

Atuganile, miaka sita nilikuwa nikiungua! Nilidhani kuungua ni sehemu ya vitumbua. Haikunipitia kichwani kwamba mkono wa gauni unaweza kukatwa.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba neno lile kwako lilikuwa neno zuri. Kiswahili chako ulikipata misheni, kwa watu waliokufundisha kwamba Mungu alimwumba mtu kwa kusudi. Hakuna aliyekuambia kwamba huku mjini kusudi linatumika kwenye ugomvi. Nilijaribu kukusahihisha. Nilikuambia sema "kwa ajili yako," ukasema maneno hayo ni marefu, ukarudia lako. Ukaendelea kuwatangazia wateja wa watu: nimebana kusudi, nimefungua shingo kusudi. Nami, badala ya kukukimbia, nikawa nafunga vitumbua vyangu saa nne na kuja kukaa kwenye benchi lako kukushonea vifungo, na polepole kujifunza cherehani.

Ulikuwa unanishangaza na maswali yako. Fundi mwingine anapima, anakata. Wewe uliweka mkasi chini kwanza. Utalivaa wapi? Unabeba mtoto? Unalima nalo au unakwenda nalo kanisani? Wengine walikasirika, wakakuambia shona tu mama, acha habari za watu. Na kila gauni, la mtoto hata la bibi kizee, ulikunja vidole vinne vya kitambaa ndani ya upindo. Nikakuambia bibi huyu harefuki tena, anarudi chini. Ukasema mtu hujui atakuwaje, usimkatie mpaka mwisho. Basi, nikashona vidole vinne bila kuuliza tena, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Nakumbuka pia safari ya msiba wa baba yangu Iringa, lori lilipozama kwenye tope karibu na Igawa siku mbili nzima. Mimi nalia, utingo anatukana, abiria wote wamenuna. Wewe umevua viatu, umekwenda kwenye nyumba za watu kuuliza samaki wa mtoni kule wanawakaushaje. Nikakugombeza: sisi tumekwama, wewe unatembea! Ukasema, "Tumekwama, lakini si tupo mahali?" Niliudhika sana. Jioni nikala wale samaki.

Sasa nikupe habari. Tangu ulipokwenda, mambo huku hayaeleweki. Dhahabu ya Makongolosi imepungua, watu wanarudi na magodoro kichwani, na mwenye lori la Salehe amelisimamisha. Sokoni maneno ni mengi. Wengine wanasema nchi itakuwa yetu karibuni, wengine wanauliza yetu akina nani, na kila mtu anataka kujua mwaka ujao utakuwaje kabla haujafika. Ungekuwepo ungewauliza maswali mpaka wakukimbie.

Salehe alikaa nyumbani mwezi mzima akisafisha viatu. Halafu siku moja akasema, "Jumamosi tunahamia Iringa, kwa mama. Kaka atanipa kazi dukani." Nikasema haya.

Hilo ndilo neno langu, Atuganile. Niliozwa, nikasema haya. Nikaletwa Mbeya, nikasema haya. Mama mkwe akasema mtoto aitwe Mwanahawa, nikasema haya. Si kwamba Salehe ni mtu mbaya. Hajawahi kuninyanyulia mkono, na chai anaweza kuchemsha mwenyewe. Ila hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumpa sababu ya kuuliza.

Shida ni cherehani yako. Kaka yako alipokuja kwenye matanga yako aliniachia, kwa sharti moja: nikibaki hapa sokoni nishone, niwashonee na wanawe, nikihama, irudi kwao Rungwe. Sikumlaumu, ni mali ya dada yake. Lakini maana yake ni kwamba kwenda Iringa ni kurudi jikoni kwa mama mkwe, mikono mitupu. Nikajiambia ndiyo maisha. Nikaanza kufunga vyombo.

Wakati wa kufunga ndipo nikakutana na gauni lako lile la bluu lenye madoa meupe. Ndugu zako walinigawia siku ile ya matanga, nikaliweka sandukuni kwa sababu nilikuwa siwezi kuligusa. Wewe ulikuwa mfupi kwangu, nikasema nitafungua upindo, nivae safarini. Nikageuza. Hakuna kitu! Upindo umekunjwa ukucha mmoja tu. Nikashangaa. Wewe, wa vidole vinne? Umewawekea watu wote, wewe mwenyewe ukajinyima?

Nikalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kumbe kulikuwa na mistari. Chini pale kitambaa kilikuwa kimefifia ngazi kwa ngazi, kila mstari mahali upindo ulipowahi kuishia. Halafu nikaona kwapani kipande cha bluu iliyokolea ambacho hakijaonana na jua: ulikata chini ukaongeza juu, nadhani ulipoanza cherehani, mabega yakataka nafasi. Na ule mfuko wa mkasi uliokuwa unanichekesha, nao umetoka palepale. Kila ulipobadilika, uliingia kwenye upindo ukachukua. Mpaka ikaisha.

Nilikaa chini. Niliwaza mume wako aliyekwenda migodini Kusini, asirudi, watu wakakuambia kaa umsubiri. Na wewe ukashuka Mbeya peke yako kujifunza mashine. Je, uliogopa? Siku ile ya kwanza sokoni, ulipoweka kiti chako kati ya wanaume wawili mafundi, hukutamani kurudi mlimani? Kwa nini sikukuuliza hilo wakati nilikuuliza hata unachanganya nini kwenye mboga? Zile wiki tatu za mwisho, kifua kilipokubana, nilikaa pembeni yako nikakuzungumzia habari za majirani. Nilidhani nakuchangamsha. Nilikuwa naogopa tu. Nisamehe.

Halafu nikafanya kitu ambacho sijui kilinijia vipi. Nilitoa magauni yangu yote uliyonishonea, matano, nikayageuza moja moja. Atuganile, vidole vinne vyote vimo! Nyuzi zako hazijaguswa, sikuwahi kuchukua hata kidole kimoja. Ndani kitambaa kinang'aa kama siku kilipotoka dukani. Mwanahawa akaniuliza, "Mama, mbona unalia na nguo ni mpya?" Nikamwambia ndiyo maana.

Salehe alipoingia nilikuwa bado sakafuni. Nikamwambia ile haya niliyosema juzi nairudisha. Akauliza kama nimegombana na mama yake. Nikasema la. Akauliza kama kuna mwanamume. Nikacheka, nikamwambia kuna cherehani. Akazungusha kofia mikononi muda mrefu. Nisikudanganye. Nilitaka sana kusema haya, ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

Akasema, "Mimi nitatangulia. Ukishindwa, uje."

Nikamwambia, "Nikishindwa nitakuja. Nikiweza, uje wewe."

Kwanza nilidhani atanipiga talaka. Kisha akaguna, akasema hajui mimi nimekuwa mtu gani. Nikamjibu hata mimi sijui, ndilo jambo ninalobaki Mbeya kulitazama. Siku zilizofuata alifunga mizigo yake. Leo asubuhi amepanda lori, kachukua godoro kaniachia kitanda, kambeba Mwanahawa mara mbili na kumshusha mara mbili. Lori lilipoanza kwenda alipiga kelele kutoka nyuma, "Zuhura, suruali yangu ya kijivu imenibana!" Nikamwambia atume vipimo. Sijui kama hayo ni matusi au mapatano. Nimeyatafakari asubuhi yote na nimeshindwa kuyapasua.

Majirani wanasema nimepewa limbwata la Kinyakyusa na maiti. Mama mkwe bado hajasikia. Akisikia, nadhani sauti yake itafika Mbeya bila lori. Usiku wa leo nitalala kwenye kamba za kitanda na mtoto. Nina hofu, shoga, naiona hofu yenyewe imekaa hapa kibarazani. Lakini pembeni ya hofu kuna kitu kingine ambacho sikijui jina, na nina hamu ya kukijua. Pengine kesho nitaamka nijute. Lakini nitakuwa nimejuta kwa jambo langu.

Mteja wangu wa kwanza amekuja saa tano, mwanamke wa Iyunga, anataka gauni la ubatizo wa mwanawe. Nimeweka mkasi chini, nikamwuliza maswali mengi kiasi kwamba ameniuliza kama mimi ni karani wa serikali. Nitamkatia mchana huu. Nikiharibu, nimeharibu.

Ndaga, Atuganile. Lugha yenu sikujifunza zaidi ya hapo, lakini nasikia neno hilo linabeba shukrani na pole pamoja, na leo nahitaji yote mawili. Ninakuahidi hivi: mvua zikipungua nitapanda mpaka Rungwe kwenye kaburi lako, nikuambie nilipofika. Kama nimeshindwa nitakuambia nimeshindwa, sitakupamba kwa uongo.

Kwaheri, shoga yangu. Nyinyi mna Pepo yenu na sisi tuna yetu, masheikh na wachungaji ndivyo wanavyotuambia, na mimi sijui huko mmepangwaje. Lakini kama katikati kuna ua wa kututenga, weka kiti chako karibu na ua. Nitakapofika nitaita.

Ni mimi,
Zuhura