Mchekeshaji wa Kerala na Koti la Baba

Lozells, Birmingham
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Najua umeitikia marahaba kabla Neema hajamaliza kusoma mstari huu, maana hujawahi kuninyima hata nikikuudhi, na safari hii nimekuudhi hasa. Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi mgeni wa parokiani imefika, au ameimalizia kwenye magoti yake? Mvua zimeanza, au Tabora bado ni vumbi tupu? Mimi mwili ni mzima. Kazi ipo, nyumba ina joto, na yule Mkongo wa chumba cha pili bado anapika sombe, kile kisamvu chao, ya kutosha mtaa mzima.

Neema, dada yangu, kurasa nimezipiga picha zote na kukutumia. Msomee Mama neno kwa neno. Usiruke mahali, hata utakapofika pale ninapojisema mwenyewe. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa naropoka, na kuropoka kwangu ndiko kumetufikisha hapa.

Mama, jana nimemwona mtu. Sijui nikwambieje. Nimelala naye kichwani, nimeamka naye, chai imepoa mezani namfikiria yeye.

Nianze mbali kidogo. Pale kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kule Kingstanding, nesi wetu mkuu ni mama mmoja anaitwa Lissy. Ukimwita Mhindi hakatai, ila atakukumbusha kwamba kwao ni Kerala, kusini kabisa, wanasema Kimalayalam, na wana sinema zao wenyewe. Tangu Baba atutoke, Lissy ndiye anayenilazimisha kula. Wakati wa chai ananiita, ananisogezea sahani, halafu ananionyesha kwenye simu vipande vya mchekeshaji wao. Mtu mfupi, masikio haya hapa, macho ya mtu aliyeamshwa sasa hivi akaambiwa nyumba inaungua. Wao wanamwita Chettan, yaani kaka mkubwa. Hata bibi kizee anamwita kaka.

Basi kidogo kidogo nikasimuliwa maisha yake yote. Baba yake alikuwa mkwezi wa minazi, na yeye alikuwa amekwisha kuzoea kukwea mpaka siku alipoanguka akavunjika mkono. Wakati mkono unaunga, hana la kufanya, akawa anakaa barazani anaiga. Anaiga treni, anaiga vyura, anaiga padri mwenye mafua akisoma misa. Padri akasikia. Wewe ungedhani ataitwa kukemewa, kumbe akaitwa apande jukwaani siku ya sikukuu ya parokia! Kwao hiyo ni kazi kabisa, Mama. Kuna vikundi vya watu wa kuiga sauti, wanazunguka na basi kutoka sherehe hadi sherehe, na watu wanajaa uwanjani kama kwetu wanavyojaa kwenye mpira.

Kutoka hapo akaingia sinema. Unajua aliingia kama nani? Tarishi. Analeta barua, anazabwa kofi, anaondoka. Basi. Sinema iliyofuata akawa mpishi, akazabwa kofi. Iliyofuata akawa polisi, nikasema afadhali, sasa atazaba yeye. Lissy akacheka, akasema huyo ndiye aliyezabwa kuliko wote. Miaka na miaka, kila nyota wa kule alipitisha mkono wake kwenye shavu la yule bwana. Mwingine angerudi kwenye minazi. Yeye akalichukua lile kofi akalifanya mali yake. Akizabwa haanguki hapo hapo. Kwanza anamtazama aliyemzaba, kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa. Anafunga kifungo cha shati. Ndipo anaanguka. Nakwambia ukweli, nimekirudia kipande hicho mara kumi na bado sijajua anafanyaje. Watu wakaanza kuingia sinema kwa ajili ya ule mwanguko wake, nyota mwenyewe akabaki anasindikiza.

Halafu akampata mwenzake. Mtu wa miraba minne, mrefu, sauti nzito ya kukwaruza, mpole kama kondoo. Wakawa pacha, huyu mfupi mwenye kiherehere na yule mkubwa mvivu. Lissy anasema marehemu baba yake alikuwa mtu mkali wa kuogopwa na nyumba nzima, lakini sinema ya wawili hao ikitoka, wakati wa Onam na wakati wa Krismasi, alikuwa anatoa machozi kwa kucheka na watoto wanapata nafasi ya kumkalia mapajani. Onam ni sikukuu yao kubwa ya mavuno.

Sasa sikiliza. Sinema za kwao zinapigwa picha kwanza, sauti baadaye. Mwigizaji akimaliza anaingia chumba cha kurekodia, anajitazama kwenye skrini kubwa, anayasema maneno yake upya, mdomo kwa mdomo. Yule mkubwa alimaliza kupiga picha za sinema moja, akarudi nyumbani kupumzika, moyo ukasimama. Picha yupo, anatembea, anafumbua mdomo, lakini sauti hakuna. Wenye sinema wakahangaika, mwisho wakamwendea Chettan. Wakamwambia, wewe ulianza kwa kuiga, na hakuna anayemjua huyu kama wewe. Akaingia kwenye kile chumba akamsemea rafiki yake sinema nzima. Anajibizana mwenyewe, huku yeye, kule marehemu. Sinema ilipotoka watu walikaa kimya tangu mwanzo, halafu ikaja sehemu ya kuchekesha kuliko zote, na marehemu akawachekesha. Walicheka wakilia.

Na huyo mtu, Mama, amekuja Birmingham! Jana Jumapili, alasiri, katika jengo moja la Digbeth lililokuwa ghala zamani. Mume wa Lissy alipangiwa zamu, tiketi yake nikapewa mimi. Nikavaa lile shati la Pasaka. Humo ndani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui lugha, na mama aliyekaa nyuma yangu akanipa ndizi za kukaanga bila kuniuliza jina.

Akatoka. Nilijua ni mfupi, lakini si hivi: kazee kadogo, viatu vinamvaa. Akasimama tu, akatutazama, akafunga kifungo cha shati. Ukumbi mzima ukapasuka, na mimi nikapasuka nao! Lissy alikuwa ananitafsiria sikioni, lakini baada ya dakika kumi nikamwambia acha, unanikosesha. Sikuhitaji tafsiri. Alifanya abiria aliyesinzia begani kwa mtu asiyemjua, nikamjua abiria yule. Alifanya nesi wa Kerala anayeongea na bibi wa Kiingereza, Lissy akajifunika uso kwa ushungi. Haki ya Mungu sijawahi kuona binadamu mmoja akiwa watu wengi hivyo.

Karibu na mwisho mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma akitaja jina. Watu wote wakageuka. Nikamuuliza Lissy ni jina la nani, akaninong'oneza kwamba ni la yule mwenzake aliyekufa. Yule mzee akasita. Akavuta pumzi, mabega yakashuka, akanenepa, Mama, sijui alinenepaje, na ikatoka sauti nzito ya kukwaruza. Lissy akanishika mkono akaufinya. Alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, anasema kwa Kiingereza, "Baba yangu, baba yangu," maana pale alimwona baba yake amekaa kwenye kiti chake. Nikageuka nikatazama ukumbi. Wote walikuwa vile vile. Hakuna aliyekasirika. Hakuna aliyesema mtoeni huyu mzee.

Hapo ndipo nilipoona aibu, Mama. Aibu ya kutaka kuingia chini ya kiti.

Maana mimi nilisema. Siku ya msiba wa Baba, Mzee Gama alipoingia uani amevaa lile koti la reli la Baba na kofia yake, anachechemea kwa mguu wa kushoto kama Baba, mimi nilikuwa nawatazama kwa simu ya Neema nikiwa chumba cha wafanyakazi, nimevaa sare, mbali na kila mtu. Nilimwona akikalia kiti cha Baba. Nikamsikia akikugombeza, "Mama Neema, hii ni chai au maji ya kunawa?" Na wewe, mke wa marehemu, ukamkaripia kwamba amesahau kukohoa, Baba huwa anakohoa kwanza! Akakohoa. Ukacheka mpaka kanga ikakudondoka. Mimi nikaona mnamchezea baba yangu. Nikapiga kelele kwenye simu, "Mtoeni huyo mlevi! Hana adabu!" Na Neema alikuwa ameweka sauti ya juu, uani kote wakasikia.

Mzee Gama akasimama. Alivua koti, akalikunja, akaliweka kitini, akaenda zake. Mngoni mzima, mtani wetu sisi Wanyamwezi, mtu aliyemwita Baba mpagazi wake miaka yote waliyofanya kazi pamoja stesheni, nikamfukuza kwenye msiba wa rafiki yake. Nami nimekua nikiyaona hayo. Nilimwona Baba mwenyewe akilala mlangoni kwa akina Gama, anakataa jeneza la bibi yao lisitoke mpaka apewe kuku. Nilijua kwamba kumwiga marehemu msibani ni haki ya mtani, na mtani hachukiwi. Miaka tisa ya huku, kwenye misiba ya watu wanaonong'ona, imenisahaulisha.

Jana baada ya onyesho Lissy alinivuta mpaka nyuma, tupige picha. Nikamwomba amuulize swali langu: Haogopi kuibeba sauti ya mtu aliyekufa? Yule mzee akanitazama sana. Akasema siku ile ya kurekodi, mke wa marehemu aliomba aje asikilize. Akakaa nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia. Yeye akafanya sehemu ya kwanza, akaona ameipatia kabisa. Yule mama akagonga kioo, akamwambia, "Hapana. Yeye humeza mate kwanza." Wakarudia. Akagonga tena. Siku nzima anagonga, anasahihisha, na jioni akauliza kama kesho pia wanaendelea, akaambiwa kazi imekwisha, na hapo ndipo alipolia.

Mama, nilipanda basi la kurudi Lozells nikapitiliza kituo changu. Nilikuwa nakuona wewe na kanga yako. Ulikuwa unamsahihisha Mzee Gama, kwa sababu mumeo alikuwepo pale kidogo, nawe ulitaka awepo vizuri. Mimi nikamwondosha. Nisamehe, mama yangu.

Neema ameniambia Mzee Gama amekataa kuja kwenye arobaini. Amesema mtoto wa marehemu amekwisha kumtoa. Ameniambia pia kwamba wewe hutaki mtani mwingine, na kwamba tangu hapo koti limelala palepale kitini hujaruhusu mtu aliguse. Sasa nakuomba hivi. Neema akimaliza kukusomea, achukue yule jogoo wangu mwekundu, ambaye najua mnamnyemelea siku nyingi, ampelekee Mzee Gama kama faini yangu, na amsomee maneno haya yanayofuata. Asiyalainishe.

We Mngoni! Wewe ambaye babu zako walitoka Afrika Kusini kwa miguu, wakachoka njiani, wakatudanganya kwamba ndipo walipokuwa wanakwenda! Nani alikuruhusu ukasirike? Mtani gani anayenuna kama bibi harusi? Jumamosi ya arobaini usipotokea nitawatuma Wanyamwezi wote wa stesheni wakubebe mzobemzobe, maana kubeba tumezoea, na wewe si mzigo. Jogoo umle, mifupa uturudishie. Na ukitaka kuniiga mimi nilivyokuwa nalia kwenye simu na sare yangu ya kizungu, niige mpaka uchoke. Nimekosa, mzee wangu. Nakuangukia miguuni.

Wasalimie wote, Mama. Msalimie shangazi wa Urambo, mwambie asali yake nailamba kwa ncha ya kijiko isije ikaisha. Msalimie shemeji, mume wa Neema, na wale mapacha wake. Msalimie katekista wetu aliyesimamia mazishi. Mkongo wangu anakusalimu, na Lissy pia anakusalimu, anasema siku moja atakuja kuonja chai yako aamue mwenyewe.

Limebaki jambo moja, sijamwambia mtu. Sauti ya Baba imeanza kunitoka. Maneno nayakumbuka, lakini nikifumba macho naisikia sauti yangu mimi ndiyo inayasema. Kila Jumapili aliniuliza swali moja, "Deo, unarudi lini?" Kila Jumapili nilimjibu, "Mwakani, Baba." Mwambie Mzee Gama siku ya arobaini, akishavaa koti, asogee kwenye simu aniulize. Likizo nimekwisha kuomba, nimepewa. Nitamtajia tarehe.

Mimi mwanao unayemjua kwa kuropoka,
Deo